Raia Kazini Penye Vita: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Kusafiri

Mwongozo huu ni wa fundi umeme, muuguzi, mhasibu, mkalimani, mpishi, mhandisi wa maji: mtu yeyote asiyebeba silaha ambaye kazi imempeleka mahali penye mapigano. Nimefanya kazi za aina hiyo kwa miaka kadhaa, na jambo moja nataka ulishike tangu mwanzo. Wiki ya kwanza mtu huwa mwangalifu kwa sababu anaogopa. Hatari kubwa huja baadaye, sikio likishazoea milio na mguu ukishaijua njia. Hapo ndipo watu huacha kufunga mkanda wa gari, husahau kutoa taarifa redioni, hupita barabara ile ile saa ile ile kila asubuhi. Mengi ya yaliyomo humu ni mazoea madogo yanayochosha. Nakusihi uyafuate siku ya mia kama ulivyoyafuata siku ya pili.

Kabla ya kusaini mkataba

Soma bima kwanza, mshahara baadaye. Bima nyingi za kawaida za maisha, afya na safari zina kifungu kinachotoa nje madhara ya vita, na familia huja kukigundua wakati wa msiba. Taka uonyeshwe kwa maandishi kwamba bima inataja vita kwa jina, kwamba inalipia kukutoa kwa ndege hadi hospitali yenye uwezo, kwamba ulemavu wa kudumu una malipo yake, na kwamba haikomi ukiwa safarini au likizoni. Mwajiri akijibu kwa maneno matupu, mwombe akuandikie barua pepe. Akisitasita, hiyo ni habari tosha kuhusu namna atakavyokuhudumia siku ya shida.

Uliza pia ni nani mwenye mamlaka ya kuamua mwondoke, na kama unaruhusiwa kukataa safari bila kuadhibiwa. Mahali ambapo mfanyakazi hawezi kusema "leo siendi", mimi sifanyi kazi hapo.

Kisha jua umesimama wapi kisheria. Mikataba ya Geneva ya 1949 na Itifaki ya Nyongeza ya Kwanza ya 1977 zinakataza kumshambulia raia kwa makusudi. Lakini raia hupoteza kinga hiyo kwa muda anaoshiriki moja kwa moja katika mapigano. Kwa hiyo usishike bunduki hata ya kupigia picha, usivae nguo za mabaka kama za jeshi, usimwelekeze mtu yeyote mahali askari wa upande wa pili walipo. Ukiwa umeajiriwa kuhudumia jeshi, labda kupika au kutengeneza mitambo, hadhi yako ni nyingine kidogo: kifungu cha 4 cha Mkataba wa Tatu kinawataja raia wanaofuatana na jeshi kwa idhini yake, na ukikamatwa unastahili kutendewa kama mateka wa vita. Jeshi linapaswa kukupa kitambulisho cha kuthibitisha hilo. Kidai kabla hujaondoka. Kumbuka vilevile kwamba kambi ya jeshi ni shabaha halali, na kuwamo kwako humo hakuigeuzi kuwa makazi ya raia.

Mambo ya nyumbani uyamalize sasa. Andika wosia. Acha hati ya uwakili kwa mtu unayemwamini ili akaunti na mali zisikwame. Andika maswali matatu au manne ambayo wewe peke yako unayajua majibu yake, uyaache pamoja na majibu hayo kwa mwajiri katika bahasha iliyofungwa. Ukitekwa, ndiyo yatakayotumika kuthibitisha kwamba u hai. Chagua maswali yenye majibu ya faraja, jina la mbwa wa utotoni kwa mfano, kwa maana utakayeyajibu utakuwa kwenye giza. Mweleze ukweli mtu mmoja wa familia, aliye imara. Wengine waambie kiasi wanachoweza kukibeba.

Mwili

Nenda kwa daktari wiki sita kabla. Chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati. Chanjo ya homa ya manjano ipatikane angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka. Tangu 2016 cheti chake hudumu maisha yote. Kichaa cha mbwa usikidharau: penye vita mbwa huachwa wakizurura, na dawa ya baada ya kuumwa mara nyingi haipo. Kama unakoenda kuna malaria, anza kumeza kinga kabla ya kusafiri kama ulivyoelekezwa.

Nenda na kwa daktari wa meno. Jino linalouma usiku wa kafyu, mahali pasipo hata kliniki, limewahi kuwatoa watu kazini. Beba miwani jozi mbili, na dawa zako za kudumu za miezi mitatu zikiwa kwenye paketi zake, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la dawa yenyewe badala ya jina la kibiashara. Baadhi ya dawa za maumivu, kama tramadoli na kodeini, hudhibitiwa vikali katika nchi kadhaa na zinaweza kukuweka mahabusu.

Sasa jambo ambalo ningekulazimisha kama ningeweza: jifunze kuzuia damu. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa mguu anaweza kufa kwa dakika chache, kabla ya gari lolote kufika. Nunua mkanda wa kubana damu wa kweli, miwili, ubebe mmoja mwilini na mwingine kwenye gari, na ujizoeze kuufunga kwa mkono mmoja, gizani. Unafungwa juu ya jeraha upande wa moyoni, sentimita 5 hadi 8 kutoka penye jeraha, kamwe si kwenye kiungo chenyewe cha goti au kiwiko. Kaza mpaka damu ikome. Mgonjwa atalia kwa maumivu; usilegeze. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wake au kwenye mkanda wenyewe, na umwachie mganga aufungue. Kwenye kinena na kwapani mkanda haufungiki: jaza jeraha kitambaa safi hadi ndani, kisha ubonyeze kwa uzito wako wote kwa dakika 10 bila kuchungulia. Kundi lako la damu liandikwe kwenye kadi unayotembea nayo.

Mizigo

Beba kidogo. Kuna mabegi mawili: la kuishi na la kukimbia. La kukimbia hukaa karibu na mlango, limefungwa, na uwe unaweza kupanda nalo ngazi mbio. Ndani yake weka pasipoti au nakala yake, pesa taslimu, maji lita mbili, chakula kisichohitaji kupikwa, dawa, tochi ya kichwani, betri ya akiba, nguo moja ya joto, karatasi yenye namba za simu muhimu, na ramani ya karatasi. Ramani ya karatasi ni ya lazima kwa sababu penye vita mawimbi ya setilaiti huvurugwa makusudi ili kupoteza droni na makombora, na simu yako inaweza kukuonyesha uko mji mwingine kabisa.

Betri za akiba zipande ndegeni kwenye mzigo wa mkononi. Mashirika mengi ya ndege huruhusu zisizozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali.

Pesa ziwe noti ndogo, safi, zisizochanika, za toleo jipya. Noti kuukuu za dola hukataliwa sehemu nyingi hata kama ni halali. Zigawe sehemu tatu: mwilini, begini, na kiasi kidogo kwenye pochi ya kuwapa wanyang'anyi.

Simu isafishwe kabla ya kuvuka mpaka. Picha ya zamani ukiwa umesimama na askari, kundi la siasa, wimbo wa upande mmoja, vyote hivyo husomwa kwenye kizuizi cha barabarani na kijana mwenye bunduki ambaye hajalala siku mbili. Ningekushauri uwe na simu nyingine kabisa kwa ajili ya kazi hiyo, yenye nywila ndefu, isiyofunguka kwa uso wala kidole.

Kuhusu fulana ya kuzuia risasi: ipime ukiwa umeivaa saa nzima. Sahani zake za mbele na nyuma zifunike moyo na mapafu. Ikining'inia hadi kitovuni haikukingi panapohitajika. Rangi isiwe ya kijeshi.

Unapoishi

Chagua chumba kabla ya kukipenda. Ghorofa ya chini ina wezi na vipande vya mabomu ya mtaani, ya juu kabisa hupokea mizinga, kwa hiyo tafuta ya pili au ya tatu, ambako pia ngazi ya zimamoto hufika. Kiwe mbali na lango na barabara. Agosti 19, 2003, lori lililojaa mabomu lilisogezwa karibu na Hoteli ya Canal mjini Baghdad, makao ya Umoja wa Mataifa, likalipuka chini ya ofisi ya Sergio Vieira de Mello, mjumbe mkuu wa umoja huo nchini Iraq. Watu 22 waliuawa, yeye akiwa mmoja wao. Umbali kati ya ukuta wako na mahali gari linapoweza kusimama ni kinga kubwa kuliko ukuta wenyewe.

Ndani ya chumba, sogeza kitanda kisitazamane na dirisha. Bandika karatasi ya plastiki ya kuzuia kioo kusambaa, na ufunge mapazia mazito usiku. Tafuta mahali penye kuta mbili kati yako na nje, kwa kawaida korido au bafu lisilo na dirisha. Hapo ndipo utakapokimbilia. Viatu viwe kando ya kitanda, vidole vikielekea mlangoni, na tochi ndani ya kimojawapo. Baada ya mlipuko sakafu huwa vioo vitupu, na nimeona watu wazima wakishindwa kutoka chumbani kwa sababu tu hawakuwa na viatu.

Jenereta isiwashwe ndani, wala kwenye veranda iliyozibwa. Moshi wake una gesi ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na harufu ya kukustua usingizini.

Maji ya kunywa, kama huyaamini, yachemshe yatokote kwa dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Pasipo moto, weka matone mawili ya dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 6, kwa kila lita. Yakiwa na ukungu weka manne. Koroga, subiri dakika 30. Hifadhi akiba ya siku tatu kila wakati, maana mitambo ya maji hukatika mapema mapigano yanaposogea.

Sauti, mwanga na kioo

Ukiona mwanga mkali au moshi mkubwa, hamu ya kwanza ni kwenda dirishani. Usiende. Mwanga hufika papo hapo, lakini mshindo husafiri kiasi cha kilomita moja kwa sekunde tatu, na hizo sekunde ndizo ulizopewa za kulala chini mbali na kioo. Agosti 4, 2020, mjini Beirut, takriban tani 2,750 za naitreti ya amonia zililipuka bandarini. Hapakuwa na shambulio la vita siku ile, ila wengi walikuwa madirishani na kwenye veranda wakitazama au kupiga picha moto uliotangulia, na vioo vikawakata nyuso na macho.

Ukikutwa nje na mizinga, lala kifudifudi, ikiwezekana kwenye mtaro au shimo, mikono ikifunika kichwa, mdomo wazi kidogo. Vipande vya bomu huruka kwenda juu na pembeni. Aliyelala ana nafasi nzuri kuliko anayekimbia. Risasi zikipigwa, mlango wa gari hauzizuii. Jifiche nyuma ya injini au gurudumu, na bora zaidi nyuma ya ukuta mnene.

Baada ya mlipuko wa kwanza, subiri. Wapo wanaopiga mara ya pili pale pale ili kuwapata waokoaji. Najua inavyouma kusikia mtu akilia na wewe umebaki chini. Angalia, sikiliza, mwulize mwenyeji, ndipo usogee.

Safari ya barabarani, hatua kwa hatua

Jioni ya kuamkia safari, zungumza na watu waliopita njia hiyo siku ileile. Habari ya juzi imekufa. Waulize madereva wa malori, wafanyabiashara wa sokoni, wauguzi wa zahanati za njiani. Wao huona kinachobadilika kabla ya ofisi yoyote ya usalama.

Andika mpango wa safari: nani yumo, gari gani, njia gani na njia mbadala, saa ya kuondoka, saa ya kufika, vituo vya kutoa taarifa. Mwachie mtu wa chumba cha redio, yule anayefuatilia safari zenu. Mkubaliane kitakachofanyika mkichelewa dakika 30, na mkichelewa saa moja: nani atapiga simu, kwa nani. Mpango usio na sehemu hiyo ni karatasi tu.

Asubuhi, dereva akague matairi, breki, maji, mafuta, jeki na tairi la akiba, nawe ukague ukiwa naye. Tangi lisishuke chini ya nusu. Yakiwa magari mawili ni heri, yakiachana mita 50 au zaidi mahali pa wazi. Ondokeni kumeshapambazuka na wenyeji wameshaanza kupita. Msiwe gari la kwanza barabarani. Mfike saa mbili kabla ya jua kuzama. Mkanda ufungwe na wote, wa nyuma pia, kwa maana ajali ya kawaida, mwendo mkali na shimo la barabara, huua wafanyakazi wa maeneo haya mwaka baada ya mwaka bila kutajwa kwenye habari.

Kwenye kizuizi:

1. Punguza mwendo mapema. Usiku, zima taa kubwa, washa ya ndani ya gari.
2. Vua miwani ya jua, weka simu chini, mikono yote ionekane.
3. Aongee mtu mmoja tu, kwa kawaida dereva. Salamu kwanza, na kwa heshima anayostahili mtu mzima, hata askari akiwa na umri wa mtoto wako.
4. Kabla ya kuchukua kitu mfukoni, sema unachokwenda kuchukua, kisha kichukue polepole.
5. Toa nakala au kitambulisho cha kazi kwanza. Pasipoti halisi ikidaiwa, itoe.
6. Usishuke hadi uambiwe. Usipige picha, usirekodi, usicheke na wenzako kwa lugha wasiyoielewa.
7. Ukiambiwa rudi, rudi.

Wakitaka gari, wape gari. Wakitaka begi, wape. Unapotoka, mikono ikiwa wazi, sema kwamba unafungua mkanda, maana kuinama ghafla kunaonekana kama kutafuta silaha.

Mabomu ya kutegwa ardhini yanahitaji maneno zaidi. Mkataba wa Ottawa wa 1997 ulipiga marufuku yale yanayolenga watu, lakini yaliyokwisha kuzikwa hubaki hai kwa miongo, na mvua huyahamisha. Tembea na kuendesha palipokanyagwa leo. Usiegeshe kwenye majani kando ya barabara, usiende hata hatua tatu kujisaidia kichakani. Jisaidie nyuma ya gari, juu ya lami, na wenzako wageuze nyuso. Shamba zuri lisilolimwa, njia iliyoota majani huku watu wakizunguka mbali, mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, vijiti vilivyopishanishwa, mzoga wa mbuzi: yote hayo yanasema usipite. Ukigundua umeshaingia, simama pale pale. Waambie walio nyuma wasimame. Omba msaada kwa sauti na usubiri, hata saa nyingi. Usipopata msaada kabisa, rudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe zinazoonekana, moja moja. Aliyelipukiwa mbele yako usimkimbilie. Mrushie mkanda wa kubana damu na umwelekeze namna ya kuufunga.

Wenyeji mnaofanya kazi pamoja

Dereva, mkalimani na mlinzi wa lango wanaifahamu hatari kwa namna ambayo hakuna mafunzo yatakupa. Dereva akisema barabara leo "haina watu", geuzeni gari. Uliza sababu mkiwa mmeshageuza. Jifunze salamu zao, majina ya watoto wao, siku zao za ibada. Na ujue kwamba wewe utaondoka na wao watabaki. Mkalimani anayeonekana nawe sokoni anaweza kuulizwa maswali usiku. Muulize yeye wapi muonekane pamoja na wapi msionekane. Usimpige picha, usimtaje jina mtandaoni. Usimtume mahali ambapo wewe mwenyewe umekatazwa kwenda kwa sababu za usalama. Nimeliona hilo likifanyika, na siwezi kulitetea.

Siku za kawaida na siku ya kuondoka

Siku nyingi hakuna linalotokea. Unakaa ndani ya ukuta, unasubiri umeme, unakula chakula kile kile. Weka ratiba: saa ya kuamka, mazoezi, kusoma, kupiga simu nyumbani. Simu iwe siku maalumu, ili ukikosa hewani siku nyingine familia isihangaike. Pombe na dawa za usingizi huvutia sana huko. Aliyelewa hasikii king'ora. Likizo ikifika ichukue, hata kama kazi haijaisha. Mwenzako akianza kukaripia watu, kucheka hatari au kukesha, mwambie, nawe ukubali kuambiwa.

Mkiwa bado na utulivu, andikeni dalili ambazo zikionekana mtaondoka bila mjadala: uwanja wa ndege kufungwa, benki kuishiwa noti, mizinga kufika umbali fulani kutoka mjini. Ongezeni zile za mtaani, ambazo huwahi: wachuuzi kuhamisha bidhaa, watoto kutoonekana nje mchana, mafuta kuadimika ghafla, majirani kupakia magodoro. Zikitimia, ondokeni siku hiyo. Anayengoja uhakika mara nyingi hukuta barabara imefungwa.

Kabla ya kutoka kwa kawaida, lipa kila mshahara unaodaiwa, na uwape wenyeji barua za kuthibitisha kazi yao, ila muulize kila mmoja kama karatasi hiyo ni salama kwake kuwa nayo nyumbani. Mwachie anayekurithi kazi maandishi kamili: njia, watu wa kuaminika, makosa mliyofanya.

Ukifika nyumbani, maliza dawa ya malaria hadi dozi ya mwisho, na homa yoyote ndani ya miezi inayofuata mwambie daktari ulikotoka. Kustuka mlango ukigongwa, kutafuta kwa macho pa kujificha dukani, kulala vipande vipande, ni kawaida kwa wiki za mwanzo. Vikizidi mwezi, tafuta daktari wa akili, na usingoje familia ikusihi. Lakini kabla ya hayo yote, ukiwa bado uwanja wa ndege, tuma ujumbe chumba cha redio kwamba umefika. Yule aliyekuwa akikuuliza kila saa uko wapi bado ana jina lako ubaoni, na hawezi kulifuta mpaka asikie kutoka kwako.